Sababu ya Tano

Brayson ameleta daftari la Historia mezani,
kalamu mdomoni, soksi moja tu mguuni.
"Bibi, swali la saba: Taja sababu tano
zilizochelewesha mkataba uliotiwa saini Arusha."
Anazo nne, kwa mwandiko unaolalia kushoto:
mpaka, madini, ukabila, mataifa makubwa.
Ya tano haioni.

Nami namenya ndizi mshare,
utomvu umenigandisha vidole,
na ya tano ninayo chumbani, kwenye sanduku la bati,
chini ya kitenge cha msiba wa mama.

*

Walinitoa zamu ya usiku hospitali ya mkoa
wakanipandisha hotelini, ghorofa ya tatu.
"Sista Kaanaeli, mgonjwa huyu hana jina."
Jina lake lilikuwa redioni kila saa.
Huko kwao alikuwa Jemadari.
Kwangu alikuwa kilo sitini na mbili, figo mbovu,
miguu iliyovimba: ukiibonyeza, kidole kinaacha shimo,
na shimo linabaki, kama unyayo kwenye tope la Themi.

Daktari wake alikuja na ndege, na mkoba wake mwenyewe.
Vidonge vyeupe, vinane asubuhi, vinane jioni.
Nikauliza, si vingi, daktari?
Akanitazama kama mtu aliyesikia kiti kikisema.

Vilimnyima usingizi vidonge vile.
Vikamvimbisha uso ukawa duara,
vikampa njaa ya kuku mzima saa tisa usiku,
vikampa ujasiri usio wake.
Hapo ndipo anapopiga simu msituni.
Mimi nimeshika kiganja, nahesabu mapigo,
yeye anahesabu vikosi.
"Songeni." Mia na ishirini na nne.
"Msingoje kupambazuke." Nikaandika: mia na thelathini.

Alfajiri, dawa ikimpungua, analia
kwa ajili ya mbuzi aliyempoteza akiwa na miaka tisa.
"Sista, leo nasaini. Lete kalamu."
Kalamu ninayo, ya kujazia chati.
Lakini wajumbe wamelala,
na saa mbili kamili ni vidonge vinane.

Siku tatu hivyo.
Chini ukumbini wanakunywa chai, wanachambua kimya chake:
anawachosha, anapima upepo, ni mbweha huyu.
Magazeti yakaandika: mkakati.
Siku hizo tatu Rukemba iliungua,
soko, kanisa, na zahanati
yenye muuguzi mmoja
ambaye najitahidi nisimwazie.

Siku ya nne nilimpa vinne.
Vinne vingine vilikwenda na maji ya choo.
Sijaungama hilo, hata kwa mchungaji.
Alilala saa sita mfululizo, mdomo wazi.
Akaamka akaomba uji.
Akashuka ngazi, akasaini, mkono ukimtetemeka.
Picha imo kitabuni mwa Brayson, ukurasa wa tisini na moja:
nyuma ya bega lake, upindo wa gauni jeupe.
Chini wameandika: Jemadari na wasaidizi wake.

Miezi mitano baadaye akafa.
Sijui kama ni figo, au ni mimi.
Na sijui kwa nini sikuanza siku ya kwanza.

*

Chati ninayo bado. Mstari wa buluu
unapanda, unashuka, unapanda.
Usiku mmoja niliulaza juu ya ramani ya vita ile
iliyokatwa gazetini, nikaukunja haraka.

"Bibi, ya tano?"
Mvuke wa ndizi umefunika dirisha.
Tulifundishwa: siri ya mgonjwa haifi naye.
Andika mvua, nikamwambia. Ilikuwa masika.
Na ilinyesha kweli, siku zote tatu,
sikumdanganya sana.

Kesho yake akarudi na vema tano nyekundu,
akanionyesha ile ya mwisho, akicheka,
kwa kuwa mwalimu aliikoleza zaidi.